Ubao wa Baba Mkwe

Kila asubuhi Ikupa alikuwa wa kwanza kuamka. Aliwasha moto, akabandika uji, akafagia uwanja. Alifanya haraka, ili amalize kabla baba mkwe wake hajatoka nje.

Hakumwogopa kwa ubaya. Mila ya Wanyakyusa ndiyo inayotaka hivyo. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, wala hawapitani njiani. Mzee akikohoa mlangoni, Ikupa huingia jikoni. Ikupa akitoka na mtungi kwenda mtoni, mzee hugeuza kiti chake akatazama migomba. Hakuna ugomvi. Hiyo ndiyo heshima yao, na kila mmoja aliishika.

Walikaa Ilomba, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Ulikuwa mwaka wa 1955. Baba mkwe aliitwa Saulo Mwandambo, na mkewe aliitwa Marta. Sedekia, mume wa Ikupa, alikuwa akipasua mbao huko Mafinga, upande wa Iringa. Yeye na Ikupa walikuwa na mtoto mmoja, Sekela, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Zamani, Saulo akitaka kumwambia Ikupa jambo, alimwambia Marta, naye Marta akalipeleka jikoni. Lakini Saulo alikuwa amesoma shule ya usiku akiwa tayari na mvi kichwani. Ikupa naye alikuwa akienda darasa la akina mama kanisani, saa za mchana. Sasa wote wawili walijua kusoma na kuandika. Basi Saulo akapigilia ubao mdogo kwenye ukuta wa jikoni, kwa nje, na chini yake akaning'iniza chaki kwa uzi.

Marta alishangaa. "Utaongea na mkweo? Watu watasemaje?"

"Ubao hauna uso," alijibu Saulo. "Mimi nikiandika nikaondoka, naye akaja akasoma, nani ameonana na nani?"

Wazee wa kanisa waliposikia walicheka, lakini hawakukataza.

Mwanzoni ubao ulifanya kazi nzuri sana. Saulo aliandika, "Ng'ombe mweupe anaumwa mguu, asitoke leo." Ikupa akasoma, akamfungia. Siku nyingine aliandika, "Paa la jikoni linavuja, nitaliziba kesho." Ikupa akafurahi. Hakuthubutu kujibu kwa maandishi, kwa sababu aliona kama ni kumkaribia mzee mno. Lakini alipenda kusoma.

Kisha Saulo akaanza kubadilika. Alikuwa akienda mjini mara kwa mara, na huko alitazama sana maandishi. Magari ya serikali ya kutengeneza barabara yaliandikwa P.W.D. Mabasi ya kwenda Iringa yaliandikwa E.A.R. Hata mkuu wa wilaya watu walimwita Bwana D.C. Saulo akawaza sana, akafika mahali akasema, "Wakubwa hawamalizi maneno. Anayemaliza neno ni yule ambaye bado anajifunza."

Tangu siku hiyo akaanza kuandika kwa mkato. Jembe lake aliliandika S.M. Kiti chake, S.M. Mlango wa zizi, S.M.

Marta alimtania. "Siku hizi nikikupikia uji, niseme nimekupikia U?"

"Ndiyo," Saulo alisema. "Na wewe ni Bibi M."

"Haya, Bwana S. Kunywa U. wako, unapoa."

Saulo alicheka, lakini hakuacha. Na ubao wa jikoni ukaanza kujaa herufi.

Ikupa alisimama mbele yake kila asubuhi, Sekela akiwa mgongoni. Alisoma herufi moja moja. Alizijua zote. Lakini hazikumwambia kitu. Siku moja alimlalamikia Mwanakhamisi, mke wa Isihaka mwenye duka kando ya barabara.

"Mama, mimi nilifikiri nimejua kusoma," alisema Ikupa. "Sasa naona bado. Yale siyo maneno, ni mifupa ya maneno. Nyama amekula yeye mwenyewe."

Mwanakhamisi alicheka mpaka akashika mlango. "Si umuulize mama mkweo?"

"Mama Marta alikuwa ananifungulia zote. Lakini ameondoka. Amekwenda Tukuyu kumwuguza dada yake."

"Basi muulize mwenyewe huyo mzee!"

Ikupa akainamisha uso. "Mama, wewe wajua haiwezekani."

"Najua, mwanangu. Nakutania tu."

Wakati huo mvua za kwanza zilikuwa zimekaribia. Saulo alitaka kupanda mahindi kwa njia mpya. Alikwenda kwa Filemoni, bwana shamba, akapewa dawa ya unga ya kuchanganya na mbegu, ili wadudu wasiile ardhini.

Filemoni alimwonya. "Mzee Mwandambo, dawa hii ni sumu. Mahindi ukishayatia dawa, hayaliwi tena. Waambie watu wote wa nyumbani."

"Wataarifiwa kwa maandishi," alijibu Saulo, akainua kidevu.

Jioni alichanganya mbegu na dawa nyuma ya nyumba. Ikupa alisikia kazi ikifanyika, lakini hakutoka chumbani kwake, kwa sababu mzee alikuwa nje. Saulo alihitaji chombo kikubwa chenye mfuniko. Kilikuwapo kimoja tu, pipa la jikoni, ambalo siku zote liliwekwa mahindi ya kula. Basi akayahamisha mahindi ya kula, akayapandisha darini kwa magunia. Zile mbegu zenye dawa akazitia ndani ya pipa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Saulo alikuwa anakwenda Mafinga kuchukua mbao ambazo Sedekia alimnunulia za kutengenezea mlango. Angerudi Jumamosi asubuhi. Na hiyo Jumamosi ndiyo siku ambayo majirani walikubaliana kuja kulima shamba lake. Kwao, watu wakija kukulimia, mshahara wao ni chakula. Wakirudi na njaa, nyumba hiyo itasemwa mwaka mzima.

Lori la mbao likapiga honi barabarani. Saulo akashika chaki akaandika upesi:

M. P. – D. – U.
M. D. – S.

Akaupitia ujumbe wake kwa macho, akaona umekaa vizuri. Akakohoa ili Ikupa ajue anapita, kisha akaenda zake.

Ikupa akatoka jikoni na kusoma. Akasoma tena. Pale kwenye kilima aliweza kuliona lori. Baba mkwe alikuwa anapanda mbele, karibu na dereva. Haukuwa umbali wa kumshinda mtu mwenye mbio. Lakini miguu ya Ikupa haikuondoka pale ilipokuwa. Mke wa mtoto anawezaje kumkimbilia baba mkwe mbele ya watu na kumwita? Lori likaondoka, likaacha moshi.

Alikwenda jikoni akafunua pipa. Mahindi yalikuwa yamejaa, lakini yalikuwa na vumbi jeupe. Harufu yake haikuwa ya mahindi. Akapanda ngazi akachungulia darini. Huko nako kulikuwa na mahindi, kwenye magunia.

"Kwa nini yako kila mahali?" alijiuliza.

Alimwita Mwanakhamisi. Mama huyo akaja, akajifunga leso vizuri, akausimamia ubao kama mtu anayetazama hali ya mawingu.

"Hii mbona rahisi," alisema. "M ni mahindi. P ni pipa. D ni debe. U ni unga. Mahindi ya pipa, debe, unga. Yaani chukua debe moja la mahindi ya kwenye pipa, usage unga. Si watu wanakuja kulima?"

"Na mstari wa chini?"

"M, maharage. D, debe. S... songa! Hapana, maharage hayasongwi. S, sufuria. Maharage debe moja, tia sufuriani. Umeona? Mkweo amekuandikia chakula chote cha wageni!"

Ikupa akatazama ubao. Maneno yalifuatana vizuri. Yalikuwa na maana. Angeweza kuchukua debe saa ile ile na kwenda kwenye mashine ya kusaga.

Lakini hakutulia.

"Mama, hatuna maharage debe zima," alisema. "Mzee anajua. Na tena, S. Mimi nikiiangalia hii S naona neno jingine."

"Neno gani?"

"Sumu."

Mwanakhamisi akaacha kucheka.

"Mahindi haya yananuka," Ikupa aliendelea. "Yamekaa mahali pawili, na mojawapo huenda ni sumu. Yapi? Ya chini yananuka, lakini huenda na ya juu yametiwa kitu kisichonuka. Mama, wewe unabahatisha, na mimi nabahatisha. Nikibahatisha shuka ya kununua, nikikosea, nitavaa hivyo hivyo. Lakini hiki ni chakula. Sekela atakula."

"Na watu wa Jumamosi je? Utawapa nini?"

Lilikuwa jambo zito. Mama mkwe hayupo, mume hayupo. Nyumba ilikuwa mikononi mwake. Watu wakilima na kukosa ugali, hawatasema Saulo hakuandika vizuri. Watasema mke wa Sedekia ni mvivu, ana pipa limejaa na hakutaka kusaga.

Alimbeba Sekela akaenda hadi kwa Filemoni, bwana shamba. Akaambiwa ametoka kwenda kutembelea mashamba ya mbali, atapita Ilomba Jumamosi. Ikupa akarudi. Akafunika pipa, akaweka jiwe juu ya mfuniko. Akaondoa ngazi ya darini. Kisha akaenda dukani.

"Mama Mwanakhamisi, nikopeshe unga. Nitakulipa kwa mahindi siku tutakayojua mahindi ni yapi."

"Maneno gani hayo ya kulipa, mwanangu?" alisema Mwanakhamisi. "Chukua. Na Jumamosi nitakuja mwenyewe kusonga. Nataka nione mwisho wa ubao huu."

Jumamosi watu walikuja mapema, wakaanza kulima. Saulo akafika na mbao zake, akajiunga nao. Punde ukazuka ubishi. Majembe yalikuwa yamelazwa pamoja, na Silvester Mwasomola alichukua jembe lenye alama ya S.M.

"Hilo langu," alisema Saulo.

"Lako vipi? S.M. ni Silvester Mwasomola."

"S.M. ni Saulo Mwandambo!"

Mzee mmoja akasema kutoka kwenye tuta lake, "Huku kwetu kila mtu ni Mwa-nani. Mkiandika M tu, mtagawana majembe ya wilaya nzima."

Watu wakacheka. Saulo hakupenda, akainama akaendelea kulima.

Adhuhuri wakakaa uwanjani kula. Ikupa alikuwa ndani ya jikoni, nyuma ya ukuta. Mwanakhamisi ndiye aliyetoa chakula nje. Silvester akamega tonge, akalitazama.

"Mwandambo, ugali mweupe kama wa harusi! Huu unga wa dukani. Kumbe pipa lako limekauka?"

Uso wa Saulo ukabadilika. Nyumba yake kula unga wa kukopa, naye ana magunia darini! Akageukia ukuta wa jikoni, lakini maneno akampa Mwanakhamisi.

"Bibi, nisaidie. Kamwulize mke wa Sedekia kwa nini hakusaga mahindi yetu."

Kabla Mwanakhamisi hajainuka, sauti ya Ikupa ikatoka ndani, ikimwambia yeye. "Mama, mwambie baba kwamba niliusoma ubao, sikuuelewa."

"Anasema..."

"Nimesikia," alisema Saulo. "Mwambie niliandika wazi."

"Mama, mwambie baba niliona S, nikaogopa ni sumu."

Mwanakhamisi akaweka mikono kiunoni. "Jamani! Mnasikilizana vizuri, ukuta wenyewe wa matope. Mimi mmenifanya waya wa simu?"

Watu walicheka sana. Wakati huo huo Filemoni, bwana shamba, akaingia uwanjani akisukuma baiskeli yake. Akaamkia wazee, akapewa kiti. Akauliza kinachochekesha. Walipomweleza, akasogea kwenye ubao. Alisoma kimya, akakuna shavu.

"Mzee Mwandambo, mimi nimesoma miaka mingi na sielewi. Tusomee."

Saulo akasimama, akasafisha koo. "Mahindi ya pipa, dawa, usipike. Mahindi ya darini, safi." Akawatazama watu. "Kuna ugumu gani?"

"D ya juu ni nini?"

"Dawa."

"Na D ya chini?"

"Dari."

"Ni D ile ile, mzee. Nani alimwambia msomaji kwamba imebadilisha kazi?"

Saulo akausogelea ubao, akazitazama D zote mbili.

Mwanakhamisi hakucheka tena. Alisema polepole, "Mimi nilisoma vingine. Nilisoma: mahindi ya pipa, debe, unga. Nikamwambia Ikupa akasage. Ni yeye aliyekataa."

Silvester alitazama tonge lililokuwa mkononi mwake. Wengine nao wakatazama mikono yao. Kila mmoja alijua kwamba unga ule ungeweza kutoka kwenye pipa.

"Je, hayawezi kuoshwa?" mtu mmoja aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana," alisema Filemoni. "Ukiosha, dawa haitoki yote. Ukipika haifi. Mbegu yenye dawa kazi yake ni kupandwa tu. Isiliwe na mtu, isipewe kuku. Isiwekwe jikoni, tena isiwekwe kwenye chombo cha chakula. Mkimaliza kupanda, naweni mikono kwa sabuni kabla hamjala. Na chombo chake kiandikwe."

"Nimeandika," alisema Saulo, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mzee, herufi hizi umejiandikia wewe. Magari ya serikali yameandikwa P.W.D. kwa sababu wenyewe wameshakubaliana maana yake. Na bado wengi hapa hawaijui. Wewe na mkweo mlikubaliana lini? Naye ndiye mtu pekee hapa Ilomba ambaye hawezi kukuuliza."

Saulo aliuangalia ukuta wa jikoni. Nyuma yake hapakuwa na sauti, ila Sekela aliyekuwa akigonga bakuli kwa kijiko, akiomba aongezwe ugali.

Mzee akavua kofia. Akasema, si kwa Mwanakhamisi, bali kwa ule ukuta, "Ndaga." Maana yake ni ahsante. Hakuwahi kusema neno upande ule. Watu wakafanya kama hawakusikia.

Siku ile ile walipanda mbegu zote zilizokuwa ndani ya pipa. Filemoni aliwaonyesha namna ya kupanda kwa mistari kwa kutumia kamba. Pipa likatolewa jikoni moja kwa moja, likapelekwa kwenye kibanda cha majembe. Saulo alilipaka rangi nyekundu, akaliandika kwa herufi kubwa: SUMU. DAWA YA MBEGU. WATU WASILE. KUKU WASILE. Kwa ajili ya wale wasiojua kusoma, akachora kuku amelala chali. Silvester alisema kuku yule anafanana zaidi na mbuzi, lakini alikiri kwamba anaonekana amekufa.

Halafu Saulo akarudi kwenye ubao wa jikoni. Akaona ni mdogo. Labda udogo wake nao ulimfanya afupishe. Akachagua ubao mmoja mpana katika zile mbao za Mafinga. Akaupiga randa, akaupaka masizi na utomvu mpaka ukawa mweusi. Mlango ungengoja. Jua lilipokuwa linashuka, akaupigilia mahali pa ule wa zamani, akaandika taratibu. Kila neno alilimaliza:

"Mahindi ya kula yako darini. Ni safi, hayana dawa. Mbegu zenye dawa zimekwisha kupandwa. Nikiandika neno usilolielewa, weka alama hii ? nami nitaliandika upya. Ikupa, umewalinda watu wangu."

Akakohoa, akaondoka.

Asubuhi Saulo alipotoka, uwanja ulikuwa umefagiwa na uji ulikuwa tayari kando ya kiti chake. Alitupia macho kwenye ubao, kwa mazoea tu, kwa sababu alijua ameandika yeye mwenyewe. Akasimama.

Chini ya maandishi yake kulikuwa na maandishi mengine, madogo na yaliyonyooka. Katika miaka yote tangu Ikupa aolewe, hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa baba mkwe wake.

"Nimeelewa yote, baba. Mahindi ya kumrudishia Mama Mwanakhamisi nimeshayapima. Kikohozi chako cha asubuhi siku hizi kimezidi, nimetia tangawizi ndani ya uji. Mimi Ikupa."

Saulo akasoma mpaka mwisho. Akatafuta herufi moja iliyokatwa, hakuiona. Akaketi akanywa uji wote. Kisha akachukua chaki, na chini kabisa, mahali palipobaki, akaandika jina lake lote: Saulo Mwandambo.